Waraka wa Wazi: Tarakimu Ishirini Zinazoeleweka na Fomu Isiyoeleweka

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA VITU VINAVYOTUMIKA KIRAHISI, PAMOJA NA OMBI

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nina duka la steshenari mjini Morogoro. Natoa fotokopi, naprinti, naskani, nauza kalamu na bahasha. Lakini kazi inayoniingizia fedha kuliko zote haimo kwenye leseni yangu ya biashara: kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mhitimu anayeomba chuo, mstaafu anayetakiwa kuhakiki taarifa zake, mama anayefuatilia cheti cha mwanawe, dereva anayetaka leseni. Wote huja na simu mkononi, wengine simu janja nzuri kuliko yangu, na wengi hufungua mazungumzo kwa maneno yale yale: "Kaka, nisaidie, mimi haya mambo siyajui."

Siyaamini maneno hayo. Mama huyo huyo anayesema hajui ni mweka hazina wa kikoba, na michango ya wenzake anaipokea na kuigawa kwa simu. Mstaafu huyo huyo ananunua umeme saa nne usiku akiwa kitandani. Dereva analipia faini, anamtumia mkewe hela ya matumizi na kuangalia salio, yote akiwa kwenye foleni ya mafuta. Hawa si watu wasiojua teknolojia. Kuna vitu vilivyotengenezwa kwa kuwafikiria, na vipo vilivyotengenezwa bila kuwafikiria kabisa. Naandika kuvisifu vya kwanza, kwa sababu kitu kinachofanya kazi vizuri hakisifiwi na mtu, kisha niwaletee ombi langu kuhusu vya pili.

Nimeuelekeza waraka kwenu kwa sababu Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 imewapa ninyi kazi ya kuweka viwango na miongozo ya TEHAMA katika taasisi za umma. Sijaja kuwashitaki. Nimekuja kwa mwenye rula.

Nianze na Luku, na naomba mnivumilie maana sifa zake ni ndefu. Mita ya Luku hulaaniwa kila siku. Tunalaani bei ya uniti, tunalaani makato, tunalaani giza lenyewe. Hayo tuyaweke pembeni kwa leo, tuitazame ile namba tu.

Unalipa kwa simu, zinakuja tarakimu 20. Unakwenda kwenye mita, unabonyeza, taa zinawaka. Wateja wangu hushangaa nikiwaeleza kwamba mita hizi za kawaida haziko kwenye mtandao wowote. Hazina laini wala bando, na hazina habari kama umelipa au hujalipa. Kila ambacho mita inahitaji kukijua kimo ndani ya tarakimu zile: umenunua uniti ngapi, na tokeni ilitolewa wakati gani, vyote vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita hiyo pekee. Utaratibu huo unaitwa STS. Ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na sasa umeenea nchi nyingi.

Tazameni uamuzi huo mmoja ulivyorahisisha maisha. Binti aliyeko Dar es Salaam anamnunulia umeme mama yake aliyeko Same. Tokeni anaweza kuituma kwa meseji. Anaweza kumpigia simu mama akamsomea. Anaweza hata kuiandika kwenye kikaratasi akampa kondakta wa basi, na kondakta akiingiwa na tamaa haitamsaidia, kwa kuwa namba hiyo haifanyi kazi kwenye mita yake. Mama akikosea tarakimu, mita inakataa na uniti zake haziendi popote, anaanza upya. Akiingiza namba ile ile mara ya pili, mita inakumbuka kwamba imeshatumika. Mtandao ukikatika Same nzima, mama mwenye namba yake mkononi bado anawasha taa. Aliyebuni hivi alijua kwamba mtandao hukatika, kwamba watu hukosea, na kwamba anayelipa na anayetumia si lazima wawe nyumba moja. Hakungoja tubadilike ndipo kifaa chake kifanye kazi.

Halafu kuna mgawanyo wa nne nne. Namba ya Luku inapoandikwa vizuri huandikwa katika mafungu matano ya tarakimu nne. Hakuna anayeweza kushika tarakimu 20 kichwani kutoka kwenye kioo cha simu hadi ukutani. Nne kila mtu anaziweza. Mtazame jirani anayeingiza Luku gizani: anasoma fungu moja kwa midomo bila sauti, anabonyeza, anarudi kwenye simu, anasoma fungu la pili. Hakufundishwa. Zile nafasi tupu katikati ya tarakimu ndizo zinazomwongoza, na kuziweka hakumgharimu mtu hata senti.

Mwaka 2024 mfumo huu ulipewa mtihani. Muda ulioko ndani ya tokeni huhesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita za aina hiyo, popote zilipo duniani, zilitakiwa kurekebishwa kabla ya siku hiyo, la sivyo zisingepokea tokeni mpya. Piga hesabu ya mafundi ambao wangehitajika kupita nyumba kwa nyumba kuanzia Mtwara hadi Kagera. Hawakuhitajika. TANESCO ilituma marekebisho kwa njia ile ile tuliyoizoea: ukinunua umeme unaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20, mawili ya kuirekebisha mita na la tatu la umeme wenyewe, uyaingize kwa mpangilio. Wapo waliokuja dukani wakidhani wametapeliwa. Tuliisoma meseji pamoja, wakaenda, wakabonyeza la kwanza, la pili, la tatu. Baada ya hapo mtaa ulielekezana wenyewe. Hata watoto wa shule walikuwa mafundi. Mamilioni ya mita katika nchi hii zilirekebishwa na vidole vya wenyewe. Sijui ni mradi gani mwingine wa TEHAMA unaoweza kujivunia mafundi wengi hivyo.

Vibonye vyenyewe navyo vina historia yake. Simu ina 1, 2, 3 juu. Kikokotoo kilichoko mezani kwangu kina 7, 8, 9 juu. Mpangilio wa simu haukuchaguliwa na bosi kwa kuupenda. Watafiti wa maabara za Bell kule Marekani waliwapa watu mipangilio mbalimbali wabonyeze, wakawapima kasi na makosa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1960. Mashine za ATM zikafuata, na mita zetu zikafuata. Juu ya kibonye cha 5 kuna kinundu kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukijali. Yuko mzee mmoja haoni, huja dukani kuongeza salio. Kitochi chake anakishika kwa mkono mmoja, kidole gumba kinakitafuta kinundu hicho, kikishakipata basi kibodi nzima anaijua, na anapiga namba bila kumwomba mtu. Kinundu hicho ni plastiki kiasi cha punje ya mtama, lakini bila hicho angetaja namba zake kwa sauti mbele ya wateja wangu wote.

Kwa kuwa nimetaja kitochi, nimpe na Nokia haki yake. Simu ya Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 ilikuwa na tochi, na vibonye vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja cha mpira ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Miaka michache baadaye ikaja Nokia 1200 iliyokuwa na vitabu vya namba zaidi ya kimoja ndani ya simu moja, kwa sababu kuna mtu aligundua kwamba katika nchi nyingi simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Haya hayakutokana na ujanja wa kiufundi, maana tochi ni taa tu. Yalitokana na mtu kwenda kuangalia watu wanaishi vipi.

Huko kuangalia ndiko kulikozaa hata huduma tunayojivunia Afrika Mashariki nzima. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, lakini majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005 kwa lengo jingine kabisa: kuwasaidia watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Watu wa majaribio wakaanza kuitumia walivyotaka wao. Walitumiana fedha, walilipiana, waliokuwa safarini waliweka fedha upande mmoja wakazitoa upande mwingine ili wasitembee nazo mfukoni. Ofisi nyingine ingewaandikia onyo kwamba wanatumia huduma kinyume cha utaratibu. Wenye huduma hii wakabadili utaratibu. Ya mikopo yakawekwa pembeni, na huduma ikaingia sokoni na ahadi fupi ambayo kila mtu aliielewa, ya kutuma pesa nyumbani.

Katika huduma hizi za fedha kuna skrini moja ambayo mimi ningeipa nishani. Ni ile inayokuja baada ya kuandika namba na kiasi, kabla ya namba ya siri, ikikuonyesha jina la anayepokea. Zamani ulikosea tarakimu moja, hela ikaenda kwa mtu usiyemjua, ukaanza kupiga simu za kubembeleza. Sasa mtu anasimama kwenye kaunta yangu, kidole kiko tayari, macho yanasoma jina, anaguna, "Ah, huyu siye," anafuta. Imechukua sekunde mbili. Hakuna semina wala tangazo la redioni la kuwataka wananchi wawe makini. Kifaa chenyewe kimempa nafasi ya kuwa makini pale pale panapohitajika. Na jina ni kitu ambacho hata asiye na elimu kubwa ya shule anakijua. Tarakimu kumi hazina sura, jina la shemeji yako lina sura.

Mashine za ATM zina adabu inayofanana na hiyo: nyingi hukurudishia kadi kwanza ndipo zitoe fedha. Mtu akishashika fedha anaona shughuli imekwisha, anaondoka. Zile zilizokuwa zikitoa fedha kwanza ziliachiwa kadi nyingi sana. Kubadili mpangilio wa hatua mbili kulitosha.

Na ninyi wenyewe mna chenu cha kusifiwa. Ile *152*00# yenu inamwezesha mwenye kitochi kuzifikia huduma za serikali bila bando. Napenda sana ufinyu wake. Ujumbe mmoja wa menyu za aina hii hauzidi herufi 182, kwa hiyo mwandishi hana pa kuweka maneno ya kujitapa, hana pa kuweka picha ya kiongozi akikata utepe, hana pa kuweka dira na dhamira. Anabaki na 1, 2, 3. Wakati mwingine nikiifungua tovuti ya taasisi fulani kumtafutia mteja fomu, nikapita salamu, nikapita habari za ziara, nikapita matangazo yanayojisogeza yenyewe kabla sijayasoma, natamani mwenye tovuti naye angepewa herufi 182.

Kontrol namba nayo isisahaulike. Kabla yake mtu alipanga foleni benki, akalipa, akapewa stakabadhi, akaibeba hadi ofisini, akaambiwa mhasibu katoka. Siku hizi ni tarakimu 12, unalipa kwa simu au kwa wakala, na ofisi inaona malipo bila wewe kubeba karatasi. Anayedhani serikali haiwezi kutengeneza kitu rahisi namtuma akaitazame hiyo.

Nimesifu vya kutosha. Sasa niwaeleze kinachonilisha.

Kuna fomu ya ofisi moja ambayo sitaitaja, na kuitaja hakuna faida maana ndugu zake ni wengi. Kitu cha kwanza inachouliza ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo nayo imepangwa kwa akili: ina tarakimu 20, lakini nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo unazijua kabla hujatoa kitambulisho mfukoni, na zilizobaki zimetenganishwa kwa vistari, tano, tano, mbili. Mzee anaisoma kutoka kwenye kitambulisho, anaiandika kama alivyoiona, vistari vyake ndani. Fomu inajibu kwa herufi nyekundu, kwa Kiingereza, kwamba namba si sahihi. Basi, imemaliza. Mzee anaweka miwani sawa, anarudia tarakimu moja moja. Anaanza kuingiwa na hofu kwamba labda kitambulisho kina kasoro, labda atatakiwa kurudi wilayani. Kumbe fomu haitaki vistari. Kijana yeyote aliyesoma programu atawaambia kwamba kuviondoa ni kazi ya mstari mmoja, na kompyuta ingeifanya kimya kimya bila mzee kujua kitu.

Hatua inayofuata, fomu inataka tarehe ya kuzaliwa. Tarehe hiyo ameshaiandika! Ndiyo ile iliyoko mwanzoni mwa namba ya kitambulisho. Lakini sawa, inatakiwa tena, na haitaki uiandike. Inataka uichague kwenye kalenda inayofunguka kwenye mwezi huu tulio nao, yenye kimshale cha kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Mzee kazaliwa mwaka 1958. Ni zaidi ya mibonyezo 700. Upo ujanja wa kugusa mwaka ulioandikwa pale juu ili orodha ya miaka ifunguke, na ujanja huo ndio ninaolipwa elfu mbili. Hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba mwaka ule unaguswa.

Kisha vyeti. Faili lisizidi ukubwa fulani, ambao ni mdogo kuliko picha yoyote inayopigwa na simu za sasa. Mwenye simu nzuri ndiye anayeadhibiwa zaidi. Fomu haimwambii hivyo mapema. Inamwacha apakie, aone duara likizunguka, bando liishe, ndipo imwambie imeshindikana. Wakati huo anapekua mkoba kutafuta cheti kingine, muda unakwisha, mfumo unamtoa nje. Akiingia tena, fomu nyeupe. Jina, namba, tarehe, wilaya, kata, vyote vimefutika.

Hapo ndipo mzee hunigeukia na kusema, "Samahani kijana, mimi ndiye nimeharibu."

Nimeyasikia maneno hayo kwa walimu wastaafu, kwa manesi, kwa fundi ambaye anaweza kuishusha injini ya Fuso na kuipandisha. Watu waliofanya kazi zao kwa ufasaha miaka na miaka wanaomba radhi mbele ya kompyuta iliyowakosea. Msomi wa Marekani, Donald Norman, aliandika kitabu maarufu mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, milango, majiko na swichi za taa, na hoja yake kubwa ni kwamba watu wengi wakikosea mahali pale pale, kosa ni la aliyekibuni kitu, lisitafutwe kwa mtumiaji. Imepita miaka mingi tangu hapo. Kwenye kaunta yangu lawama bado anaibeba mtumiaji, na anaibeba kwa hiari.

Kwa hasira yangu yote, sidhani kwamba vijana waliotengeneza fomu ile ni wazembe. Nadhani waliijaribu wenyewe, ofisini, kwenye kompyuta kubwa, kwa mtandao usiokatika, wakitumia namba za mfano ambazo hawakuzinakili kutoka kwenye kitambulisho halisi. Ikapita. Mkuu wa idara akaoneshwa kwenye projekta, akapiga makofi. Mgeni rasmi akaizindua. Katika mlolongo huo wote hakukuwa na mtu mmoja aliyezaliwa mwaka 1958, mwenye vidole vinene na bando la kupima, aliyekaa mbele ya fomu huku wao wamenyamaza wakimtazama.

Ombi langu ndilo hilo. Miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma hupita mezani kwenu. Pamoja na maswali mnayouliza kuhusu usalama na gharama, ongezeni hili: nani aliyeijaribu nje ya ofisi? Taasisi ionyeshe kwamba huduma yake, kabla ya kuzinduliwa, imewekwa mbele ya wananchi watano wa kawaida waliotakiwa kuimaliza bila kusaidiwa, na kwamba pale walipokwama pamerekebishwa. Nasema watano kwa sababu Jakob Nielsen, ambaye kazi hii ameifanya maisha yake yote, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Si gharama ya kuombea fungu la wafadhili. Ni nauli, soda na uvumilivu wa kukaa kimya mtu anapotafuta kitufe ambacho wewe unakiona.

Uvumilivu huo ni mgumu kuliko mnavyodhani. Nimewahi kumwona kijana wa mifumo akimwelekeza shangazi yake hapa dukani. Kila alipokwama alimnyooshea kidole, "Hapo shangazi, hapo juu kulia." Shangazi akamaliza, kijana akaridhika kwamba mfumo ni rahisi. Mfumo haukuwa rahisi. Rahisi kilikuwa kidole chake, na kidole hicho hakiwezi kuwekwa kwenye kila simu ya Tanzania.

Mkitaka mambo madogo ya kuanzia wakati mwongozo unaandaliwa, yachukueni kwenye vitu nilivyovisifu. Fomu ikubali namba kama ilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Kosa lielezwe kwa Kiswahili, kwa kutaja kilichokosewa na cha kufanya, kama meseji ya mafungu matatu ya Luku ilivyowaelekeza watu. Kabla ya hatua isiyorudi nyuma, mtu aonyeshwe alichokiandika akisome, kama anavyosoma jina kabla ya kutuma hela. Na kilichokwisha kujazwa kisifutwe. Mtandao ukikatika, mtu akute kazi yake pale alipoiachia.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini naandika waraka wa kujiondolea riziki. Ni kweli, fomu zikiwa rahisi nitapoteza wateja. Ada ya shule ya wanangu kwa sehemu imetoka kwenye ile kalenda ya kimshale. Lakini fotokopi zitaendelea, kalamu zitaendelea, na sioni fahari ya kumtoza mtu elfu mbili kwa sababu ya vistari vitatu. Anayetoa elfu mbili hizo mara nyingi ameshatoa na nauli ya kutoka Mvomero au Mikese, ili afanye kitu ambacho simu iliyoko mfukoni mwake ina uwezo wa kukifanya tangu siku aliyoinunua.

Kwa hiyo naomba mtume vijana wenu wawili, mmoja wa kuandika programu na mmoja wa kupanga muonekano, waje wakae dukani kwangu. Sihitaji posho wala barua ya utambulisho. Watakaa pembeni ya kaunta, hawatasema neno, watatazama tu watu wanavyobonyeza. Nitawauliza wateja kwanza kama wanaridhia, na ninavyowajua wengi wataridhia. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na viti viwili vipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la steshenari,
Morogoro.